Mwiteni Mkulima Kabla Swali Halijaandikwa

Ukitoka Tanga mjini kwenda Muheza, ukishaipita Pongwe na kuikaribia Ngomeni, mkonge unajipanga pande zote mbili za barabara. Huko ndani ndiko kilipo kituo cha utafiti cha Mlingano. Kilianzishwa mwaka 1934, na kwa miaka mingi kazi yake kubwa ilikuwa mkonge. Siku hizi kiko chini ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, na kinashughulika na udongo pia, lakini sifa yake ya zamani inatokana na mkonge chotara namba 11648, ambao shina lake moja hutoa majani mara mbili na zaidi ya mkonge wa kawaida. Mkonge huo ulivuka bahari ukafika hadi China, na huko unalimwa mpaka leo.

Naanza na mkonge kwa sababu kila tunapozungumzia utafiti wa kilimo, mtu hatakosa kusema kuwa watafiti hawawasikilizi wakulima. Mimi naona kauli hiyo haijakamilika. Utafiti wa mkonge uliwasikiliza wakulima, tena kwa makini sana. Wenye mashamba walikuwa na chama chao cha wakulima wa mkonge Tanganyika, chama kikatoa fedha, na ilifika mahali ripoti za mwaka za Mlingano zikawa zinatoka kwa jina la chama hicho. Swali la mtafiti lilikuwa ndilo swali la mwenye shamba: nitapataje nyuzi nyingi zaidi kwa ekari? Na jibu likapatikana. Pembeni ya mashamba hayohayo, Mbondei, mwenyeji wa huku, alikuwa akilima muhogo, mahindi na mpunga wa kulisha familia yake. Huyo naye alikuwa mkulima, lakini hakuwa na chama, hakuwa na fedha za kuchangia, na hakuna aliyemuuliza kinachomsumbua.

Kwa hiyo utafiti una masikio, na tangu zamani unayo. Ninachotaka kuandika hapa ni habari ya nani anayepata nafasi ya kusema, na anasema wakati gani.

Panda juu kidogo, uiache Muheza, uingie milima ya Usambara Mashariki mpaka Amani. Wajerumani walijenga huko taasisi yao ya baiolojia na kilimo mwaka 1902. Walijaribu kahawa, mpira, miti ya kwinini na mamia ya mimea mingine, na bustani yao bado ipo, ukitembea unakutana na miti iliyotoka kila pembe ya dunia. Lengo lilikuwa kuwasaidia walowezi wajue nini kitawalipa. Waingereza walipochukua nchi walikiendeleza kituo, na hapo ndipo penye habari ninayopenda kuisimulia kila ninapopata mtu wa kunisikiliza.

Miaka ya 1930 muhogo ulikuwa unaharibika kwa batobato. Pale Amani alikuwepo mtafiti aliyeitwa Storey, na mwaka 1936 aliandika kwa mara ya kwanza kuhusu ugonjwa mwingine wa muhogo uliokuwa ukisumbua huku kwetu kwenye nyanda za chini, ule ambao leo tunauita michirizi ya kahawia. Yeye na wenzake wakaanza kuzalisha mbegu zinazohimili magonjwa hayo mawili. Waliuchavusha muhogo na jamaa yake wa porini, ule mti wa mpira ambao kwa kitaalamu huitwa Manihot glaziovii, kisha wakachagua watoto, wakawarudisha tena kwenye muhogo, wakachagua tena, mwaka hadi mwaka. Mmoja wa watoto hao alipewa namba: 46106/27.

Mwaka 1948 kituo kikuu kikahamishiwa Muguga, Kenya. Kazi ya muhogo ikaendelea kwa kusuasua, na mwishoni mwa miaka ya 1950 ikasimama. Watafiti wakaondoka. Muhogo ukabaki.

Umebaki kwa nani? Kwa wakulima. Kwenye pwani ya Kenya waliupanda, wakaupenda, wakapeana pingili, wakauita Kaleso. Na upande wa kusini mwa Tanzania kulikuwa na muhogo unaoitwa Namikonga, nao ukisifiwa kwa kuhimili michirizi ya kahawia. Ugonjwa ulipokuja kutisha upya na wataalamu wakaanza kutafuta wazazi wa kuzalishia mbegu mpya, vipimo vya vinasaba vilionyesha kuwa Kaleso na Namikonga ni kitu kimoja, na asili yake ni ile namba ya Amani. Zaidi ya nusu karne mbegu hiyo haikuwa na mfadhili wala mradi. Ilikaa kwa akina mama waliokuwa wakikata pingili msimu huu na kumpa jirani, kwa sababu walishaona kuwa muhogo ule hauozi kama mingine.

Nikisikia mtu anasema mkulima mdogo hana cha kuchangia kwenye sayansi, huwa nalikumbuka jambo hili, na nakasirika kweli.

Kuna habari nyingine ya mkoa huuhuu, nayo ni ya uchungu. Mwaka 1946 serikali ya Waingereza ilianzisha mradi wa kuhifadhi udongo Mlalo, kule Lushoto, kisha ukatanuliwa hadi sehemu nyingine za Usambara. Wataalamu waliona milima inamomonyoka, na kweli ilikuwa inamomonyoka. Wakaamua dawa ni matuta. Kila mwenye shamba kwenye mteremko alilazimishwa kulima kwa matuta, na asiyefanya alishtakiwa. Wasambaa walipinga. Kazi ya jembe ilikuwa mikononi mwa wanawake, na matuta yaliwaongezea kazi mara nyingi kuliko walivyokuwa wakilima. Wengine waliona mazao yanadhoofika. Wengine walihofia kuwa baada ya matuta ardhi yenyewe itachukuliwa. Upinzani huo ukaungana na siasa za kudai uhuru, na kabla miaka ya 1950 haijaisha mradi ulikuwa umekufa. Hakuna aliyekaa na wanawake wale kabla ya amri akawauliza: mnalimaje mteremko huu, mna mikono mingapi, na mnaweza kuongeza kazi gani? Tatizo la udongo lilikuwa la kweli, utaalamu ulikuwepo, na fedha zilikuwepo. Miaka mingi baadaye Lushoto ililazimika kuanza tena na miradi mingine ya kuhifadhi udongo, huku wazee wakiwa bado wanayakumbuka matuta ya mzungu.

Leo mambo yamebadilika, nakubali. Hakuna bwana shamba anayekuja na askari. Siku hizi tunaalikwa, na mimi mwenyewe nimeshaalikwa.

Nilikwenda na shangazi yangu kwenye siku ya wakulima katika kijiji kimoja cha wilaya yetu ya Muheza. Shamba la majaribio lilikuwa limepaliliwa vizuri, mihogo imesimama kwa mistari, kila kitalu kina kibao cha namba. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, maji ya chupa yapo. Mtafiti alikuwa kijana mwenye adabu, anaamkia kila mtu mzima anayepita mbele yake. Akatueleza kuwa tutapita kwenye vitalu vyote, kisha tutaonja muhogo uliochemshwa, kisha tutapiga kura. Wanawake wakapewa maharage na wanaume punje za mahindi, ili mwishoni ijulikane kura za nani zimekwenda wapi. Mbele ya kila kibao palikuwa na kopo.

Shangazi hakutumbukiza harage lake haraka. Alifika kwenye kitalu, akainama, akaufukua udongo kwa vidole mpaka akaona muhogo umeanzia wapi kwenye shina na unaelekea wapi. Alitaka kujua kama unaenda chini sana, maana yeye anachimba peke yake na udongo wetu ukikauka ni mgumu. Akakwanyua jani changa, akalisugua, akalinusa: kisamvu chake kitakuwaje? Akatazama mashina yanavyotanua matawi. Yeye analima muhogo katikati ya michungwa, akichanganya na kunde, na muhogo wenye matawi mapana unazifunika kunde zikafa. Mwanamke mwingine, wa kijiji kinachopakana na msitu, akauliza kama kuna mchungu, kwa sababu mtamu kwao humalizwa na nguruwe na nyani. Wachungu hawakuwepo kwenye jaribio.

Kisha shangazi akamwita yule kijana.

“Mwanangu, huu wa kopo la nne nimeupenda. Nikiuacha ardhini mpaka mwaka wa pili, nitaukuta?”

“Mama, sisi tunavuna ukifika miezi kumi na miwili.”

“Mimi siwezi kuvuna shamba zima siku moja. Nang'oa shina moja, jioni nyingine mawili, siku ya ada ya shule namwita mnunuzi. Ule mwingine unabaki huko chini, ndiyo akiba yangu. Nataka kujua akiba hiyo itakaa muda gani.”

Kijana hakumdharau. Aliandika kwenye daftari lake, akasema swali ni zuri, kisha akasema kwa upole kuwa mradi unaisha mwezi Juni, na kwamba muda wa kuvuna uliamuliwa kwenye andiko la mradi kabla yeye hajaajiriwa.

Hapo ndipo nilipoona kilichokuwa kinanisumbua siku zote kuhusu siku hizi za kualikwa. Tulipewa makopo ya kura kwenye mwisho wa safari. Aina za kujaribiwa zilikuwa zimeshachaguliwa, muda wa kuvuna umeshapangwa, nafasi ya mita moja kwa mita moja imeshawekwa, muhogo umeshapandwa peke yake bila kunde wala mchungwa, na bajeti imeshagawanywa. Kilichobaki kwetu kilikuwa kuchagua kati ya makopo. Harage la shangazi lilihesabiwa na swali lake likabaki kwenye daftari.

Tena swali lenyewe si dogo. Michirizi ya kahawia ni ugonjwa wa siri. Majani ya juu yanaweza kuwa mazuri, shina limenenepa, wewe unajua una chakula ardhini. Ukichimba na kukata, ndani unakuta madoa makavu ya kahawia, muhogo hauliki wala hauuziki. Kadiri muhogo wenye ugonjwa unavyokaa ardhini ndivyo unavyozidi kuharibika, ndiyo maana watu wengi wa ukanda huu wanalazimika kuchimba mapema, muhogo ukiwa bado haujajaza. Kwa hiyo mtu anayetegemea kuuacha ardhini anauliza juu ya kiini cha ugonjwa huo hasa. Angeulizwa mwanzoni, jaribio lingepangwa livunwe mara mbili au tatu, mwezi wa tisa, wa kumi na mbili, wa kumi na nane, na jibu lake lingemsaidia kila mlaji wa muhogo kutoka Mkinga hadi Pangani.

Nisieleweke vibaya. Sisemi mkulima anajua kila kitu. Shangazi yangu aliamini kwa miaka kuwa muhogo unaoza kwa sababu udongo umechoka. Siku ile ile, yule kijana alituonyesha majani ya chini, yale yaliyokomaa, yana unjano unaofuata mishipa ya jani, na kwenye shina laini kuna michirizi ya kahawia. Akatueleza kuwa ni virusi, kwamba inzi weupe wanavisambaza, na kwamba sisi wenyewe tunavisambaza zaidi tunapopeana pingili za shina lenye ugonjwa. Hakuna jicho la mkulima lingeweza kugundua virusi. Tulirudi nyumbani, na kesho yake asubuhi nusu ya kitongoji walikuwa mashambani mwao wameinama wanatazama majani ya chini. Elimu ile ilikuwa ya thamani kubwa, na ilitoka maabara. Lakini waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mtafiti halali kwenye kitanda cha mkulima. Kila mmoja ana anachokijua, na vitu hivyo viwili vinatakiwa vikutane mapema.

Mahali pengine wamejaribu kuvikutanisha. Rwanda, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti wa maharage katika kituo cha Rubona walifanya jambo la ajabu kwa wakati ule: waliwaita wanawake waliojulikana vijijini kwa ujuzi wa maharage waje kituoni, aina zikiwa bado nyingi, kabla wataalamu hawajachuja zikabaki chache. Wanawake wakatembea kwenye vitalu, wakachagua za kwenda kujaribu kwao. Walitazama mambo ambayo wataalamu hawakuwa wakiyapa uzito, kama vile haragwe litakavyovumilia kivuli cha migomba. Zilipopandwa kwenye mashamba yao, zile walizochagua wanawake zilifanya vizuri kuliko zilizokuwa zikichaguliwa na wataalamu peke yao. Na zilitofautiana, kwa sababu mashamba yenyewe yanatofautiana.

Kuna wanaosema maoni ya wakulima si takwimu, huwezi kuyajengea sayansi. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanywa Nicaragua, Ethiopia na India, kwenye vitalu 12,409 vya wakulima wenyewe. Kila mkulima alipewa mbegu za aina tatu bila majina, akazipanda kwake kwa namna yake, akasema ipi bora na ipi mbovu. Majibu yalipojumlishwa na kuunganishwa na taarifa za hali ya hewa, yalitoa ushauri wa mbegu bora kuliko ule uliokuwepo. Kwa hiyo hoja ya takwimu tuiweke kando. Ila hata njia hiyo, kwa uzuri wake wote, bado inaanzia pale mkulima anapopokea mifuko mitatu iliyochaguliwa na mtu mwingine.

Waliokwenda mbali zaidi, kwa ninavyojua mimi, ni watu wa Mali. Januari 2006, mjini Sikasso, kwenye ukanda wa pamba, wakulima 45 walikaa siku tano kama baraza la wazee wa mahakama. Mbele yao walipita wanasayansi na wataalamu, wanaounga mkono na wanaopinga mbegu zilizobadilishwa vinasaba, wakahojiwa na wakulima kwa lugha yao. Mwishoni wakulima wakatoa hukumu: hawazitaki, na wakaitaka serikali ielekeze utafiti kwenye kuboresha mbegu za kwao. Unaweza kukubaliana nao au usikubaliane. Mimi kinachonivutia ni mpangilio wa viti. Mtaalamu ndiye aliyekuwa anajibu, na mkulima ndiye aliyekuwa anauliza.

Na sisi Tanzania hatukuanza leo. MVIWATA, mtandao wa vikundi vya wakulima, ilizaliwa mwaka 1993, na kaulimbiu yake inajulikana mpaka vijijini: mtetezi wa mkulima ni mkulima mwenyewe. Programu ya kuendeleza sekta ya kilimo ilipoanza mwaka 2006 iliambatana na mifuko ya utafiti ya kanda, na maombi ya utafiti yalitakiwa yatokane na mahitaji ya wakulima. Mashamba darasa tumeyaona. Nia imekuwepo. Tatizo ni kwamba mambo haya mengi huja yakiwa ndani ya mradi, na mradi una tarehe ya kufa. Ukiisha, kamati nazo zinaisha, na mkulima aliyekuwa mjumbe anabaki na kofia.

Tuna Nanenane pia. Kwa sisi wa Tanga maonyesho ya kanda yetu, Kanda ya Mashariki, yako Morogoro. Nimewahi kwenda na nilijifunza mengi. Lakini nauli ya kutoka kijijini Muheza mpaka Morogoro na kurudi, pamoja na kulala, si ya kila mtu, na ukifika unaonyeshwa vitu vilivyokwisha kutengenezwa. Ni pazuri kwa kuona, ila sijawahi kuona pale meza ya mtu anayeandika maswali.

Hapa lazima niseme jambo ambalo wenzangu wengine hawalipendi. Tukipewa nafasi ya kusema, nani kati yetu atakwenda? Kijijini kwetu, mgeni wa kilimo akija, majina ni yaleyale. Mwenyekiti, mkulima wa mfano ambaye shamba lake liko karibu na barabara, mwenye pikipiki, na mwanamke mmoja wa kukamilisha idadi. Wanazungumza vizuri, wanajua kinachotakiwa kusemwa. Wanaume wengi watakuambia tatizo namba moja ni bei ya machungwa, na ni kweli bei ya machungwa inaumiza, msimu ukifika mnunuzi ndiye anayepanga, lori limesimama, matunda yanaharibika, utafanyaje? Lakini ukikaa na wanawake peke yao, chungwa linatajwa mwishoni. Wanaanza na muhogo, na mbegu ya mahindi inayokomaa kabla mvua za vuli hazijakatika, na kuni, na maji. Kijana asiye na ardhi atakuambia kitu kingine kabisa. Kikao cha saa nne asubuhi msimu wa palizi mwanamke hafiki, halafu inaandikwa kwamba wanawake hawakujitokeza. Nani aliyepanga saa nne?

Na posho. Mtaalamu akihudhuria kikao cha siku nzima analipwa, na ni haki yake, yuko kazini. Mkulima akiacha shamba lake siku nzima anapewa soda na shukrani. Huyo naye yuko kazini. Anatoa ardhi yake kwa majaribio, anatoa jasho lake la kupalilia kitalu, anakatwa ushuru wa mazao anapouza, na juu ya hapo tunamwomba atoe akili yake bure.

Kuna kidonda kingine. Walikuja watu wa mradi mmoja kwetu, miaka ya nyuma, wakachimba udongo kwenye mashamba kadhaa likiwemo letu, wakautia kwenye mifuko, wakaandika majina yetu. Tulifurahi, maana mjomba alikuwa akitaka kujua kwa nini michungwa ya upande mmoja inakuwa na majani ya njano. Hawakurudi. Huenda udongo wetu uko kwenye ripoti fulani, ukurasa fulani, kwa Kiingereza. Mjomba ameshafariki, na ile michungwa tumeikata. Ukimwuliza mtu wa kijiji kile leo kama atashiriki utafiti, atakuuliza kwanza: mtarudi?

Sasa nitasema ninachokitaka, kwa sababu kulalamika tu hakutoshi.

Sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 imetupa mkutano mkuu wa kijiji, na unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Ni kikao ambacho kila mtu mzima wa kijiji ana haki ya kuingia, kusema na kupiga kura, mwenye ekari ishirini na mwenye nusu ekari. Hatuhitaji kuunda kamati mpya wala kusubiri mfadhili. Ajenda moja iongezwe, angalau mara moja kwa mwaka: tunataka watafiti watutafutie jibu la nini? Wanawake wakae upande wao kwanza, vijana upande wao, kisha warudi pamoja na kupanga lipi la kwanza. Yaandikwe kwenye muhtasari, yapande kwenye kamati ya maendeleo ya kata, yafike halmashauri, na afisa kilimo wa wilaya ayapeleke kwa maandishi kwenye vituo vya utafiti vinavyotuhudumia. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai, hivyo kazi hii lazima iwe imekamilika mapema, wakati mipango na bajeti bado inaandikwa. Swali likifika mwezi Mei limeshachelewa.

Upande wa vituo, nataka wakulima wawepo kwenye kikao kinachochagua andiko lipi liombewe fedha na lipi liachwe. Wawe na kura, wasiwe wawili kati ya watu thelathini, walipwe kama wajumbe wengine, na kikao kiendeshwe kwa Kiswahili. Hili la Kiswahili watu hulichukulia kama jambo dogo. Mtafiti na mkulima wa Muheza wote wawili wanazungumza Kiswahili tangu utotoni, na bado wakikutana kwenye karatasi mmoja wao anakuwa kipofu. Kiwepo pia kiasi cha fedha, hata kidogo, ambacho matumizi yake yanaamuliwa na maswali ya vijiji peke yake, ili swali kama la akiba ya muhogo lisisubiri mfadhili wa nje alione kuwa linamvutia. Wafadhili wana haki ya kuwa na maswali yao. Wenye viwanda vya wanga wana maswali yao, wanataka muhogo wenye wanga mwingi, na hilo nalo linaleta soko. Wote hao wana njia ya kufika mezani, kama walivyokuwa nayo wenye mkonge.

Na matokeo yarudi. Yabandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, karatasi moja ya Kiswahili: tuliuliza hivi, tukajaribu hivi, tukapata hivi, na hili hatukufanikiwa. Hata kushindwa kuna faida kwa mkulima, atajua asipoteze nguvu zake kwenye njia ile. Mtafiti anayekuja kutuambia jaribio halikufaulu atapokewa vizuri kuliko yule asiyerudi.

Najua watafiti wengi wanalitaka hili. Yule kijana wa siku ya wakulima alitufuata baada ya watu kutawanyika, akamwomba shangazi amwonyeshe shamba lake. Alikaa kule mpaka jua likawa linazama, anauliza, anaandika, anachimba na kukata muhogo wa mwaka wa pili kuona umeoza kiasi gani. Hakuna aliyemtuma. Alisema angependa jaribio lijalo lipangwe hivyo, ila yeye si mwenye kuamua. Kumbe na yeye, kama shangazi, hakuwepo pale swali lilipoandikwa.

Kwa hiyo wewe uliye Muheza, Mkinga, Pangani, Korogwe au Handeni, na hata wewe wa Bagamoyo ambaye muhogo wako unakwenda Dar es Salaam kila alfajiri: muulize mtendaji wa kijiji chako mkutano mkuu ujao ni lini, na umwombe mapema aiweke ajenda hiyo. Akikuambia haijawahi kuwepo, mwambie sheria haikatazi. Nenda na swali lako limeandikwa, na umpitie jirani ambaye huwa haendi. Kwetu sisi la kwanza kwenye orodha ni lile la shangazi: muhogo gani, kwa udongo huu, utakaa ardhini miezi kumi na minane bila kuoza, katikati ya michungwa na kunde?